Dawa Hutoka Wapi? Somo Kutoka Sufuria ya Nyanya

Mwalimu mlezi wa chama chetu aliniomba niandike makala ya sayansi kwa Kiswahili, maana wengi wetu hudhani kwamba sayansi haisemeki ila kwa Kiingereza. Nilikubali mara moja. Nilikuwa na jambo lililonikaa rohoni tangu likizo ya Aprili.

Kijijini kwetu, karibu na Ziwa Victoria, malaria si mgeni. Jioni moja binamu yangu mwenye umri wa miaka minne alishikwa na homa. Nyanya akanituma nikachume majani ya mwarobaini. Nikachuma, nikayaosha, nikayatia sufuriani na kuchochea moto mpaka maji yakageuka rangi. Mtoto akanyweshwa kikombe kimoja usiku ule na kingine alfajiri. Mchana wake akapatwa na degedege. Ndipo tukambeba kwa bodaboda hadi hospitalini, macho yamemgeuka, hatambui mtu.

Muuguzi alimtoa damu ikapimwa, kisha akamdunga sindano ya dawa iitwayo atesuneti. Baada ya saa kumi na mbili alidungwa ya pili, na baada ya saa ishirini na nne ya tatu. Kesho yake jioni mtoto aliomba uji. Muuguzi akatuambia polepole, bila kutugombeza, kwamba si kila anayecheleweshwa huamka akaomba uji. Mimi niliangalia chini. Mwenye kuchochea ule moto nilikuwa mimi.

Tulipofika nyumbani Nyanya akaniuliza, "Mjukuu wangu, ile dawa ya sindano imetengenezwa na nini?" Nikamwambia sijui. "Basi huko shuleni unasomea nini?" Wenzangu, swali hilo liliniuma kuliko kiboko. Shule zilipofunguliwa nilikwenda maktaba, na haya ndiyo niliyoyapata.

ADUI MWENYEWE

Malaria huletwa na kimelea, yaani kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho matupu. Kilicho hatari zaidi huitwa Plasmodium falciparum. Mbu jike wa aina ya anofelesi akikuuma, kimelea huingia mwilini, hujificha katika ini, halafu huvamia chembe nyekundu za damu na kula himoglobini iliyomo. 

Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba adui hujifunza. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga kwinini kutoka kwa ganda la mti wa sinkona wa Amerika Kusini. Mwaka 1934 Wajerumani wakatengeneza klorokwini maabarani. Waulize wazazi wako, wataikumbuka kwa uchungu wake na kwa jinsi ilivyowawasha mwili mzima! Hata hivyo, kufikia mwisho wa miaka ya 1970 vimelea vya Afrika Mashariki vilikuwa vimeanza kuistahimili, na mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Hali hiyo ya kimelea kuizoea dawa ndiyo tunayoiita usugu.

SUFURIA NYINGINE, HUKO BEIJING

Usugu huohuo ulikuwa umewasumbua askari wa Vietnam ya Kaskazini wakati wa vita vya Vietnam. Waliomba msaada Uchina, na tarehe 23 Mei 1967 ukaanzishwa mradi wa siri uliopewa jina 523, kufuatana na mwezi na siku ulipozaliwa. Mwaka 1969 mwanamke mmoja mtaalamu wa dawa, Tu Youyou, alikabidhiwa uongozi wa kikundi cha watafiti mjini Beijing.

Sasa sikilizeni alivyoanza. Hakuanza na mashine. Alianza kwa kuwauliza wazee na kusoma vitabu vikuukuu vya waganga wa Kichina. Yeye na wenzake walikusanya maelezo ya dawa zaidi ya 2,000, wakachagua 640 yaliyoonekana kuhusu homa kama ya malaria. Kisha wakatengeneza maji ya dawa zaidi ya 380 kutoka kwa mimea ipatayo 200, na kuyajaribu kwa panya walioambukizwa malaria. 

Kati ya mimea hiyo mmoja uling'ara: qinghao, jamaa ya pakanga, ambao jina lake la kisayansi ni Artemisia annua. Mara ya kwanza ulizuia vimelea kwa asilimia 68. Kila mtu akafurahi. Lakini walipolirudia jaribio lile, matokeo yakaporomoka hadi kati ya asilimia 12 na 40. Hapa ndipo ninapowaomba msimame kidogo, enyi wasomaji. Mtu mwingine angeficha yale matokeo mabaya akatangaza yale mazuri. Mwingine angeutupa mmea. Tu Youyou aliuliza: Kwa nini?

Akarudi kwenye vitabu. Katika kitabu cha mganga Ge Hong, aliyeishi katika karne ya nne, aliona kwamba mgonjwa wa homa alielekezwa kuloweka qinghao katika maji, kuikamua na kunywa maji yake. Hakuna palipotajwa moto! Kumbe huenda joto ndilo lililokuwa likiiharibu dawa. Badala ya kuchemsha, Tu Youyou akatumia etha, kiowevu kinachochemka katika nyuzijoto 35 hivi, ilhali maji huchemka katika nyuzijoto 100. Kisha akaiondoa sehemu yenye asidi, ambayo ilikuwa na sumu. Mnamo Oktoba 1971 sampuli nambari 191 ilijaribiwa kwa panya, na baadaye kwa nyani. Vimelea vyote vilikwisha. Asilimia 100!

Niliposoma hapo nilikumbuka sufuria yetu, nikajihisi vibaya tena.

KUTOKA KWA PANYA HADI KWA WATU

Je, dawa ilikuwa tayari? La. Panya si mtu. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake wawili waliinywa wao wenyewe kwanza, wakiwa chini ya uangalizi hospitalini, wapate kujua kama ina madhara. Baadaye mwaka huohuo wagonjwa 21 wa kisiwa cha Hainan walitibiwa kwayo, na homa zao zikashuka.

Hatua iliyofuata ilikuwa kutafuta ni kitu gani hasa ndani ya majani kinachoua kimelea. Mnamo Novemba 1972 walikitenga, kikawa fuwele nyeupe zilizoitwa atemisinini. Mwaka 1973 wakatengeneza vidonge, navyo vikashindwa. Walipochunguza wakakuta kwamba vidonge havikuwa vikiyeyuka vizuri, wakaitia dawa ileile katika kapsuli, ikafanya kazi. Mnaona? Kwa mara ya pili, kushindwa kuliwaonyesha njia.

Wanakemia nao walichunguza umbo la molekuli yake, na mwaka 1975 likajulikana. Ndani yake mna atomi mbili za oksijeni zilizoungana kama daraja. Kimelea kinapokula himoglobini, chuma kinachotoka humo hulivunja daraja hilo, na vipande vikali vinavyotokea humuunguza kimelea kwa ndani. Kwa maneno mengine, mwizi huuawa na chakula alichoiba. Kutokana na atemisinini wataalamu walitengeneza dawa nyingine, zikiwemo atemetha na ile atesuneti aliyodungwa binamu yangu. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba, akagawana na watafiti wengine wawili waliovumbua dawa dhidi ya minyoo.

JARIBIO LILILOFANYWA KWETU

Msidhani kazi iliishia Uchina. Kwa watoto wa Afrika wenye malaria kali, madaktari waliendelea kutumia kwinini. Je, atesuneti ilikuwa bora kuliko kwinini? Dhana haitoshi, sharti ijaribiwe. Watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, pamoja na Kenya, huko Kilifi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu wakapewa atesuneti na nusu kwinini. Mbona kwa bahati nasibu? Ili daktari asije akawapa dawa mpya wale wasio hoi sana, ikaonekana bora kwa uongo.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Waliopewa kwinini walifariki watoto 297, na waliopewa atesuneti walifariki 230. Tofauti ni watoto 67. Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesuneti itumiwe kwa watoto wenye malaria kali. Binamu yangu yuko hai leo na anatusumbua nyumbani kwa kelele, kwa sababu wazazi wa watoto wale, wasiotujua wala sisi hatuwajui, walikubali watoto wao wahesabiwe.

Na vita havijaisha. Dalili za usugu dhidi ya dawa za jamii ya atemisinini zimethibitishwa katika nchi za Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Ndiyo maana hospitalini tunahimizwa kumaliza dozi, na ndiyo maana dawa hizi hutolewa zikiwa zimechanganywa na dawa nyingine, ili kimelea kikiponea huku kinaswe kule.

NILIVYOMJIBU NYANYA

Likizo iliyofuata nilimsimulia Nyanya yote haya. Alisikiliza huku akichambua maharagwe. Nilipomaliza akasema, "Kumbe kosa letu lilikuwa moto! Basi mwarobaini nitaukamua kwa maji baridi." Nikashtuka! Hivyo sivyo nilivyokusudia.

Nikamweleza kwamba hata majani yenyewe ya pakanga hayapendekezwi na Shirika la Afya Duniani, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya majani hubadilikabadilika, nayo dozi ndogo humfundisha kimelea badala ya kumuua. Ama kuhusu mwarobaini, watafiti wameuchunguza, na baadhi ya vitu vilivyomo vimeonekana kuua vimelea ndani ya chupa za maabara. Lakini chupa si mtu. Hakuna bado dawa ya malaria iliyothibitishwa kutokana nao.

Nyanya akafikiri. "Kwa hivyo mti wangu haujafeli."

"Haujafeli, Nyanya. Uko shuleni bado, haujafanya mtihani wa mwisho."

Akacheka. Kisha akasema kwamba siku nyingine mtoto akipata homa tutakwenda kwanza kupima damu, na mti utangoja zamu yake. 

Wanafunzi wenzangu, wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Maabara si nyumba ya miujiza. Ni mahali ambapo watu huuliza, hujaribu, huandika hata yale yaliyowaaibisha, kisha hurudia. Sisi tunaofanya majaribio ya kemia na kubadilisha nambari ili zifanane na za jirani, tujue tunajifunza ugonjwa, wala si dawa. Labda miongoni mwetu yumo atakayeutahini mwarobaini mpaka mwisho. Nyanya yangu anangoja matokeo.

MSAMIATI

Kimelea: kiumbe kinachoishi ndani ya kingine na kujilisha kwacho.
Usugu: hali ya kimelea kuizoea dawa isiweze kukidhuru.
Fuwele: chembe ngumu zenye umbo maalum, kama za chumvi au sukari.
Sampuli: sehemu ndogo ya kitu inayochukuliwa ili ipimwe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini matokeo ya qinghao yalishuka walipolirudia jaribio?
2. Eleza umuhimu wa kuwagawanya wagonjwa kwa bahati nasibu.
3. "Chupa si mtu." Fafanua kauli hii ukitoa mfano kutoka kwa makala.
4. Mweleze mzee wa kwenu, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, kwa nini mgonjwa wa malaria anapaswa kumaliza dozi. Swali hili halina alama, lakini ndilo kubwa kuliko yote.