Milimita 12 Zilizonifundisha Upanukaji wa Chuma

Wanachuo wenzangu, fomula ya upanukaji wa chuma kwa joto wengi wetu tumeikariri tangu sekondari. Mimi niliipatia kwenye mtihani, lakini nilikuja kuielewa baadaye, gereji moja ya Biharamulo, nikiwa mafunzo kwa vitendo.

Ililetwa pikapu ya zamani iliyofungwa injini ya petroli isiyo yake. Injini ilikaa, ila manifoldi ya ekzosi ilikuwa inagusa mkono wa mauntingi. Tungeiacha hivyo, joto lingeunguza mpira wa mauntingi. Nikashauri tuikate manifoldi, tuichomelee upya. Mzee, fundi wetu mkuu, akacheka.

"Kijana, hii imemiminwa kwenye kalibu, si bomba. Ukiichomelea ovyo inapasuka. Tuisogeze nje."

Kinachoisogeza ni flenji ya kati, yaani spesa: kipande cha pleti chenye matundu yaleyale ya moshi na ya bolti, kinachokaa kati ya silinda hedi na manifoldi. Hatua zake ni hizi:

1. Pima pengo. Tulipanga washa kwenye studi mpaka manifoldi ikaachia mkono. Tukapata milimita 12. Hakikisha pia kwamba upande wa pili haitagusa shafti ya usukani, maana injini hutikisika ukikanyaga mafuta.

2. Chora kwa kutumia gasketi. Matundu ya moshi yasiwe madogo kuliko ya hedi, la sivyo moshi utagonga ukuta.

3. Tumia pleti ya chuma. Aluminiamu hulainika kwa joto la ekzosi.

4. Badilisha studi. Sasa gasketi ni mbili, hivyo studi ziongezeke milimita 12 za spesa pamoja na unene wa gasketi ya pili. Nati ikishika nyuzi chache, itaachia.

5. Rekebisha bomba linaloshuka chini. Usilivute kwa nguvu lifike.

Kazi ya kutoboa nilipewa mimi. Studi zilikuwa za milimita 8, nami nikatoboa spesa na kupanua matundu ya manifoldi kwa kubana kabisa, nikijiona fundi makini. Injini ikawaka bila kelele. Mwenye gari akaondoka kwenda Ngara kupitia Lusahunga na Nyakahura, akipanda milima na mzigo.

Aliporudi alisema gari linagonga tik-tik asubuhi, na mkewe aliyekaa mbele aliumwa kichwa njia nzima. Mzee hakucheka safari hii. Gasketi ilikuwa imechanika upande mmoja, moshi unaingia ndani kupitia tundu la shafti ya usukani. Kwenye moshi huo kuna kaboni monoksaidi: haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wangeweza kulala humo na madirisha yamefungwa.

Usiku nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kushika drili. Manifoldi ina urefu wa milimita 400. Joto likipanda nyuzi 500, na chuma kikipanuka kwa takriban sehemu 12 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi:

400 × 0.000012 × 500 = milimita 2.4

Yaani milimita 1.2 kila upande kutoka katikati. Hedi inapozwa na maji, haipanuki kiasi hicho. Chuma kilitaka kutembea, mimi nimekifunga, kikachana gasketi.

Tulirudia. Tundu la katikati tuliliacha libane, ya pembeni tukayapanua hadi milimita 10.5. Kabla ya kuikabidhi gari, tulipaka maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa baridi, tukaiwasha, tukaziba mdomo wa ekzosi kidogo kwa kitambaa. Hakuna povu lililotoka.

Nilimwomba radhi yule mama. Akaniambia, "Mwanangu, soma vizuri, sisi ndio tunaopanda."