Kano Zilizoumia kwa Wanyanyuao Vyuma: Kipimo cha Altrasaundi

Katika nyumba zetu nyingi, altrasaundi ikitajwa, anayefikiriwa kwanza ni mama mjamzito. Kijana akirudi nyumbani na kusema amepangiwa kipimo hicho kwa ajili ya kiwiko au goti, wazee hushangaa. Karatasi hii ni kwa ajili ya familia zinazoishi Uingereza ambamo mtu mmoja au zaidi hunyanyua vyuma. Inaeleza kipimo hiki kinaonyesha nini, na ni wakati gani mgonjwa hapaswi kukaa nyumbani akingoja.

Kano, wala si mshipa

Kano ni kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Msuli unapojikunja, kano ndiyo inayouvuta mfupa. Imeundwa kwa nyuzi nyembamba za protini iitwayo kolajeni, zilizolazwa pamoja kuelekea upande mmoja, mithili ya kamba ya usumba. Damu ifikayo kwenye kano ni kidogo kuliko ifikayo kwenye msuli, ndiyo maana kano hupona polepole. Kadhalika msuli huzoea uzito mpya mapema, ilhali kano huchelewa. Mtu hujiona ana nguvu za kuongeza kilo, na kano yake bado haijawa tayari.

Hapa mtafsiri anaomba nafasi ya neno moja. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mshipa ni njia ya damu, ni neva, ni kano, na kwa wengine ni ngiri. Katika miadi moja niliyokuwa mkalimani, mama mmoja alisema mshipa wa mwanawe umekatika. Nilifasiri kwa neno la njia ya damu, na muuguzi akaanza kutafuta jeraha linalovuja. Kosa lilikuwa langu, na dakika kadhaa zilipotea. Kwa hiyo mwambie mkalimani wako: kano, kamba inayounganisha msuli na mfupa. Kisha onyesha kwa kidole mahali penyewe.

Wakati wa kutongoja

Jeraha la kano huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: maumivu chini ya kifundo cha goti kwa wanaochuchumaa na vyuma begani, au maumivu ya bega kwa wanaosukuma vyuma juu ya kichwa. Huanza kama ukakamavu wa asubuhi, hupungua mwili ukipata joto, kisha hurudi usiku. Haya yaweza kusubiri miadi ya kawaida kwa daktari wa familia, yaani GP, au mtaalamu wa fiziotherapia.

Njia ya pili ni ya ghafla, na hii ndiyo iliyotufanya tuandike karatasi hii. Mtu ananyanyua chuma kizito kutoka sakafuni, kiganja kimoja kikiutazama mwili na kingine kikitazama mbele. Mkono ule wenye kiganja kilichotazama mbele ndio ulio hatarini zaidi. Anasikia mlio kama wa kitu kilichokatika mbele ya kiwiko. Msuli wa mkono wa juu unapanda na kufanya donge, pakiwa na michubuko ya rangi ya zambarau siku chache baadaye, na nguvu za kugeuza bisibisi zinapungua sana. Jambo la namna hii hutokea pia kifuani, karibu na kwapa, kwa aliyelala chali akisukuma chuma, na hutokea kwenye goti na nyuma ya kisigino.

Maumivu makali ya kwanza aghalabu hutulia baada ya siku moja au mbili, na utulivu huo hudanganya. Kijana husema amepona, bibi huleta mafuta, mkono unachuliwa. Kano iliyokatika kabisa hairudi mahali pake kwa kuchuliwa. Inajivuta kuelekea msuli na kushikana na nyama za pembeni, na kila juma linalopita hufanya upasuaji kuwa mgumu zaidi. Kwa kano ya mbele ya kiwiko, madaktari hupenda kuishona ndani ya majuma mawili au matatu ya mwanzo. Si kila anayekatika kano huhitaji upasuaji, lakini uamuzi huo ufanywe na daktari mapema, usifanywe na kalenda. Ukisikia mlio, ukaona donge au ukapoteza nguvu ghafla, nenda idara ya dharura au piga simu 111 siku hiyo hiyo. Usichue, usijaribu tena uzito ule, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa.

Siku ya kipimo

Mashine hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu, nayo hurudi kutoka ndani ya mwili na kufanyiza picha. Hakuna mionzi kama ya eksirei. Hakuna haja ya kukaa na njaa, na aliyefunga hana haja ya kufungua. Vaa nguo inayofunuka kwa urahisi mahali panapouma. Mwanamke anaweza kuomba apimwe na mwanamke, au awepo msindikizaji chumbani; ni vyema kuomba hivyo kabla ya siku ya miadi. Mkalimani hutolewa na NHS bila malipo. Tafadhali msimtumie mtoto kwa kazi hiyo.

Utapakwa jeli, kisha mpimaji atapitisha kichwa cha kifaa juu ya ngozi. Atakuomba ukunje na ukunjue kiungo, au ukaze msuli, naye akitazama kano ikitembea. Hapo ndipo ubora wa kipimo hiki ulipo. Kipimo cha MRI huona vizuri zaidi ndani ya kiungo na ndani ya mfupa, lakini humtaka mtu alale kimya.

Kano nzima huonekana kama mistari myembamba yenye kung'aa, iliyopangana. Iliyochoka huwa nene, yenye mabaka meusi, na pengine rangi za mashine huonyesha vijishipa vya damu ambavyo kwa kawaida havionekani pale. Iliyokatika huonyesha pengo. Hata hivyo kifaa kikiinamishwa kidogo tu, kano nzima nayo huonekana nyeusi. Ndiyo maana mpimaji hurudia mahali pamoja mara nyingi. Kurudia huko si dalili ya habari mbaya.

Picha haisemi peke yake

Watu wengi wasio na maumivu yoyote wana kano zenye mabaka. Vilevile maumivu huweza kwisha na picha ikabaki vilevile. Kwa hiyo daktari hutibu mtu, akisaidiwa na picha. Ukiambiwa kano imebadilika lakini haijakatika, dawa kubwa si kulala kitandani bali mazoezi ya uzito yaliyopimwa, yanayoongezwa taratibu kwa majuma 12 au zaidi. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika iwapo yametulia kufikia kesho yake; yakizidi, punguza kilo.

Dawa zilizomo kabatini

Wengi wetu husafiri na dawa zilizonunuliwa nyumbani bila cheti. Miongoni mwake ni siprofloksasini, ambayo wengi huiita sipro, na levofloksasini. Dawa za kundi hili zinaweza kudhuru kano, hata kuikata, ndani ya saa 48 za mwanzo au miezi kadhaa baada ya kuziacha. Hatari huzidi kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi. Tangu Januari 2024, Uingereza huziruhusu pale tu ambapo antibiotiki nyingine hazifai. Ikiwa umezitumia na kano inauma, acha dawa na uwasiliane na daktari mara moja.

Mweleze pia kuhusu sindano za kuongeza misuli, kama zimetumika. Mzazi, huenda likawa jambo la busara kutoka chumbani kwa dakika mbili, ili kijana aweze kulisema.