Mwigo wa Dhihaka: Somo juu ya Michezo ya Vilio

Somo la mara hii ni juu ya mchezo ambao wengi wetu tumeuona bila kuujua jina lake. Ni ule mchezo unaoiga mchezo mwingine ili watu waucheke. Nauita mwigo wa dhihaka. Wataalamu wa fasihi husema parodi, nalo ni neno zuri, lakini hili la kwanza lajieleza lenyewe.

Yatupasa kwanza kuujua mchezo unaoigwa, maana mtu asiyemjua chui hawezi kucheka aonapo paka aliyepakwa madoa.

Katika miaka ya 1970 na 1980 televisheni za Marekani zilipenda sana hadithi ndefu zilizokatwa vipande, zikaonyeshwa jioni baada ya jioni mpaka zikaisha. Rich Man, Poor Man ilitoka mwaka 1976. The Thorn Birds na The Winds of War zote mbili mwaka 1983. Zote tatu zilitolewa katika vitabu vinene. Ukizitazama pamoja na nyingine za namna hiyo utaona zimefumwa kwa nyuzi zile zile: ukoo wenye mali, baba mkali, ndugu wasiopatana, mapenzi yaliyokatazwa (katika The Thorn Birds mpenzi mwenyewe ni padre), vita vinavyowatenganisha watu katikati ya hadithi, na mtoto ambaye baba yake siye yule anayedhaniwa. Mexico nao walikuwa na yao. Katika Los ricos también lloran ya mwaka 1979 msichana Mariana ampa mwanawe mchanga mwanamke muuza tikiti za bahati nasibu, kisha alia kwa miaka mingi akimtafuta.

Hapana ubaya katika mambo hayo. Binadamu hupenda hadithi za mali, za mapenzi na za mtoto aliyepotea, na alizipenda kabla ya televisheni kuzaliwa. Kasoro huingia katika kipimo. Muziki wapanda kabla mtazamaji hajajua kuna nini. Mtu akipewa habari mbaya hawezi kuketi. Lazima aende dirishani, awape wenzake mgongo, aseme maneno yake kwa kioo. Hakuna anayekufa upesi. Na wafu wenyewe hawaaminiki: katika Dallas, Bobby Ewing alikufa mwaka 1985, na mwaka 1986 akaonekana bafuni anaoga mzima wa afya, watazamaji wakaambiwa kwamba mambo yote ya mwaka mzima yalikuwa ndoto ya mkewe. Mchezo ukifika hapo, mwigaji wa dhihaka hana kubwa la kuongeza!

Walijaribu hata hivyo. Mwaka huo huo wa 1986, mwezi wa Novemba, televisheni ya CBS ilionyesha Fresno, ambamo mchekeshaji mashuhuri Carol Burnett alicheza kama bibi mkubwa wa ukoo wa matajiri. Michezo ya kweli ya wakati ule ilikuwa na matajiri wa mafuta, kama Dallas, au wa mvinyo, kama Falcon Crest. Fresno ikachukua usaliti ule ule, nyumba zile zile na mavazi yale yale ya fahari, lakini mali inayogombewa ikawa zabibu kavu. Mji wa Fresno uko kweli California, na zabibu kavu kweli ndiyo mali yake. Angalieni basi ufundi wake: kimebadilishwa kitu kimoja tu. Mtu yuko tayari kumwangamiza ndugu yake kwa ajili ya visima vya mafuta, nasi twaona ni ukatili. Afanye hayo hayo kwa ajili ya zabibu kavu, nasi twaona upuuzi uliokuwamo tangu mwanzo.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi, The Spoils of Babylon, wa sehemu sita, ulioonyeshwa na televisheni ya IFC kuanzia Januari 2014. Waliouandika ni Matt Piedmont na Andrew Steele. Kila sehemu hufunguliwa na mwandishi wa uongo aitwaye Eric Jonrosh (mchezaji ni Will Ferrell), mtu mnene mwenye ndevu, ameketi na mvinyo wake, anajisifu kwamba mchezo huu ndio kazi yake kubwa ya zamani ambayo haikupata kuonyeshwa. Kisha hadithi huanza. Tajiri wa mafuta amlea mvulana yatima, mvulana na binti wa tajiri wapendana, vita vyaja, mali yaongezeka na machozi pia. Magari na majumba mengine ni vitu vidogo vya kuchezea, na mtazamaji aona wazi kwamba ndivyo. Kijana arudipo kutoka vitani na mke Mwingereza, mke huyo ni sanamu, kama zile zinazovishwa nguo madukani. Sanamu hiyo yaketi mezani, yazungumza (sauti ni ya Carey Mulligan), yaonewa wivu. Na wachezaji wote, Tobey Maguire, Kristen Wiig, Tim Robbins, wazungumza nayo kama mtu kamili bila hata mmoja kutabasamu.

Hapo ndipo pagumu. Wanafunzi wengi wakipewa kazi ya kuchekesha huanza kucheka wenyewe, wakawakonyeza rafiki zao walioketi mbele. Mwigo hufa papo hapo. Mchezaji wa dhihaka yampasa alie kwa moyo kuliko yule wa mchezo wa kweli. Wiig aliyaweza hayo hata akapendekezwa kwa tuzo ya Emmy ya mwaka 2014, katika orodha moja na waigizaji waliolia bila dhihaka yoyote.

Wenzetu waliosoma Kampala au Nairobi wanaijua njia nyingine, isiyohitaji gharama kubwa. Uganda wako mafundi waitwao VJ, ambao hufasiri filamu za kigeni kwa Kiluganda na kutia maneno yao wenyewe juu ya sauti ya filamu. Kenya yuko DJ Afro, afanyaye hayo kwa Kiswahili. Mpiganaji wa kigeni akisimama kimya anatazama machweo, fundi atakwambia anawaza nini, na aghalabu ni kodi ya nyumba. Filamu haikuguswa, dhihaka yote imo katika sauti. Katika filamu ya Wauganda wenyewe, Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana ya mwaka 2010, VJ Emmie aikejeli filamu inayoendelea, tena ya mwenzake, na watu huipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Sasa nataka turudi hapa Juba, maana tuna mfano wetu, nao ni mgumu kuliko yote.

Mei 2012, nchi yetu ikiwa haijatimiza mwaka, kikundi cha South Sudan Theatre Company kilikwenda London kucheza Cymbeline ya Shakespeare kwa Kiarabu cha Juba katika jumba la Globe. Ilikuwa sikukuu ya michezo 37 katika lugha 37. Wakenya nao walicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Mfasiri wa Cymbeline alikuwa Joseph Abuk, naye aliuongoza mchezo pamoja na Derik Uya Alfred.

Mkiisoma Cymbeline mtadhani imeandikwa kwa ajili ya televisheni. Yumo mama wa kambo mwenye sumu. Yumo mwanamume aliyejificha sandukuni ili aingie chumbani kwa mke wa mtu. Mke huyo, akiwa amevaa kiume, aamka karibu na maiti isiyo na kichwa, amlilia mumewe, kumbe ni adui yake aliyevaa nguo za mumewe. Wamo wana wawili wa mfalme walioibwa wangali wadogo, miaka ishirini nyuma, na mmoja wao atambuliwa kwa alama iliyo shingoni. Katika onyesho la mwisho siri hufichuka moja baada ya nyingine, ishirini na zaidi, hata wako wasomi wanaosema kwamba Shakespeare alikuwa akizidhihaki hadithi za zamani pamoja na zake mwenyewe. George Bernard Shaw hakuvumilia. Aliandika upya sehemu ya mwisho, ikachezwa mwaka 1937, na kwake kijana akiambiwa kuwa ni mrithi wa ufalme aukataa.

Lakini haya mambo ya mwana aliyepotea, je, ni ya kuchekwa hapa kwetu? Mzungu wa London anapoona ndugu wakitambuana baada ya miaka ishirini hucheka, kwa kuwa kwake jambo hilo limo vitabuni tu, tena limechakaa. Kwetu halijachakaa. Mwaka 1987 maelfu ya wavulana walitembea kwa miguu mpaka Ethiopia bila wazazi. Waliobaki hai wakafika Kakuma mwaka 1992, na baadaye takriban 3,800 wakapelekwa Marekani. Vita vilipoanza hapa Juba Desemba 2013 watoto wengine wengi wakatengana na wazazi wao. Shirika la Msalaba Mwekundu limekuwa likipeleka kambini vitabu vya picha za wanaotafuta jamaa zao, mtu akifunua kurasa moja moja akitafuta uso anaoujua. Yule afunuaye kurasa hizo hana muziki wa kumwambia lini alie.

Kwa maoni yangu jibu ni kutenga jambo na namna ya kulisimulia. Mtoto aliyepotea si mzaha. Bali yule anayemtumia mtoto huyo ili auze vipindi, akaongeza muziki, akamsimamisha mama dirishani kwa dakika tatu, huyo ni halali yetu. Hata Fresno, ukiitazama vizuri, haikumcheka maskini wala aliyefiwa. Ilicheka fahari.

Nitatoa mfano mfupi. Juba maji huuzwa na magari ya matangi, basi na tuwe na ukoo wa matajiri wa maji.

MZEE (amelala kitandani, anakohoa): Mwanangu, sogea. Magari yote kumi na mawili, na matangi yake, ni yako.

KAKA MKUBWA: Na mimi, Baba?

MZEE: Wewe… (muziki) Kuna jambo nimelificha miaka ishirini.

MAMA: Mume wangu, usilitamke!

MZEE: Nitalitamka. Maji uliyokunywa utotoni… hayakuwa ya gari letu.

KAKA MKUBWA (aenda dirishani, atazama mbali sana, ingawa mbele yake pana ukuta): Nilijua. Sikuzote nilijihisi kama maji ya kwa jirani.

MAMA: Yalikuwa madumu mawili tu! Na gari lenu lilikuwa limepata pancha!

Mzee akohoa mara tisa, afa, afumbua macho aulize kama pancha ilizibwa, kisha afa tena.

Zoezi. Chukua mchezo mmoja wa vilio unaotazamwa nyumbani kwenu, uandike upya onyesho moja lisilozidi ukurasa. Badili kitu kimoja tu, mali au mahali au kazi ya watu wake, na mengine yote uyaache kama yalivyo. Kisha mpe mwenzako alisome mbele ya darasa. Akicheka kabla ya wasikilizaji, na aanze tena tangu juu.