SOMO KATIKA UBAYA WA VIJANA KUONEANA, NA YAPASAYO KUTENDWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyejiharimishia dhulma nafsi yake, kisha akaiharimisha baina ya waja wake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Amma baadu. Ndugu zangu Waislamu, somo hili ni katika jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo si dogo: ni kuoneana kwa vijana, chuoni na skulini, barazani na mitaani, na siku hizi hata ndani ya simu. Kijana hubandikwa jina baya likamganda mpaka likasahauliwa lile alilopewa siku ya akika yake. Mwengine huchekwa kigugumizi chake kila afunguapo mdomo kusoma. Mwengine hutiwa aibu kwa weusi wake au kwa asili ya mamake. Mwengine hunyang'anywa kila siku pesa alizopewa za chakula. Mwisho kijana huyo huacha chuo. Na babake akipata khabari humpiga kwa kuacha chuo, asiulize ni kitu gani kilichomfukuza. Basi amepigwa mara mbili, na aliyemdhulumu hakuulizwa neno.

MAANA YA KUONEA

Si kila ugomvi wa vijana ni uonevu. Wawili walio sawa wakigombana leo na kesho wakacheza pamoja, hayo ni mambo ya ujana. Dan Olweus, mwanachuoni wa Kiswidi aliyefanya kazi Bergen katika nchi ya Norway, alilichungua jambo hili tangu miaka ya 1970, akalipambanua kwa alama tatu. Ya kwanza ni kukusudia maudhi. Ya pili ni kukariri, mara baada ya mara. Ya tatu ni kutokuwa sawa nguvu, hata mwenye kuonewa asiweze kujitetea. Na nguvu si misuli peke yake: wingi wa watu ni nguvu, umri ni nguvu, mali ni nguvu, nasaba ni nguvu, na ulimi mwepesi ni nguvu.

Huenda mtu akasema: "Huu ni utani tu, na sisi watu wa pwani tumezoea kutaniana." Tunamjibu: utani una mipaka yake. Mtani hutania na yeye hutaniwa, na wote wawili hucheka. Akicheka mmoja na mwenziwe akainamisha kichwa, hapo utani umekwisha, na kilichobaki ni maudhi. Wazee walisema: mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Tazama hadithi aliyoipokea Abu Daud katika mlango wa adabu. Masahaba walikuwa safarini pamoja na Mtume (S.A.W.), mmoja wao akalala, na mwenziwe akaiendea kamba yake akaichukua, yule mtu akaamka kwa fazaa. Mtume akabainisha kuwa si halali kwa Mwislamu kumtisha Mwislamu mwenziwe. Kamba haikuibiwa, wala damu haikumwagika. Kilichokatazwa ni ile fazaa iliyoingia moyoni mwa mtu. Ikiwa hukumu ni hii katika fazaa ya mara moja, itakuwaje kwa kijana anayefazaika kila alfajiri akikumbuka njia ya kwendea skuli?

HUKUMU YAKE

Mwenyezi Mungu amekataza mambo haya wazi katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11. Amekataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda wanaochekwa wakawa bora mbele yake kuliko wanaowacheka. Amekataza kutiana ila. Na amekataza kuitana kwa lakabu za kuchukiza. Tena amewaita Madhalimu wale wasiotubu kwa hayo.

Wala baba asijidanganye kwa kusema "huyu ni mtoto." Kijana akisha baleghe amekuwa mukallaf, sala yake inaandikwa, na dhulma yake inaandikwa vilevile. Na haki ya mja haifutiki kwa istighfari peke yake mpaka irudishwe au isamehewe na mwenyewe. Imekuja katika Sahihi Muslim kuwa muflisi wa umma huu ni mtu atakayekuja siku ya kiyama na sala na saumu na zaka, walakini amemtukana huyu, amemsingizia huyu, amempiga huyu. Mema yake yagawanywe kwa hao aliowadhulumu, na yakimalizika, atwikwe dhambi zao. Basi mzazi anayehimiza sala na kunyamazia uonevu amemjazia mwanawe mkoba uliotoboka chini.

SABABU ZAKE

Kijana hazaliwi mwonevu. Aghlabu amejifunza, na chuo chake cha kwanza ni nyumba. Amemsikia babake akimwita mtumishi kwa jina la dharau. Amewasikia wazee barazani wakihesabu nani wa asili na nani wa kuja. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), aliandika katika Ihyaa, alipotaja malezi ya watoto, kuwa mtoto azuiliwe kujifakharisha mbele ya wenziwe kwa kitu chochote walichonacho wazazi wake, na azoeshwe unyenyekevu. Aliuona mti ungali mbegu.

Sababu ya pili ni ukali uliopita kiasi. Ibn Khaldun katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, ameeleza kuwa mwanafunzi alelewaye kwa mabavu huingiwa na uwongo na hila, na moyo wake hudhoofika. Mwalimu anayemwita mwanafunzi wake punda mbele ya darasa amewapa wengine rukhusa ya kumwita hivyo mwaka mzima.

Sababu ya tatu ni hao watazamaji. Mwonevu hutaka kuchekewa, na asipopata wa kumchekea, mchezo wake hupoa.

DALILI ZAKE

Aliyeonewa mara nyingi hasemi. Basi mzazi na aangalie: mtoto aliyekuwa akipenda chuo na sasa huumwa na tumbo kila asubuhi, vitabu vinavyochanika na nguo zinazopasuka bila sababu, pesa zinazopotea, njia ndefu anayoipita kuikwepa fupi, usingizi ulioharibika, simu anayoifunika uso ukimbadilika. Wala asidhani kuwa ni jambo la wachache. Shirika la UNESCO lilieleza mwaka 2019 kuwa karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu duniani alionewa na wenziwe katika mwezi mmoja uliotangulia kuulizwa kwake. Na madhara yake hufika mbali. Mwishoni mwa mwaka 1982 vijana watatu wa kaskazini ya Norway walijiua, na ikaonekana kuwa yamkini sababu kubwa ni kuonewa na wenzao. Kwa hayo nchi ile ikaanza mwaka 1983 kampeni katika skuli zake. Na katika skuli za Bergen alizozisimamia Olweus, uonevu ulipungua kwa kadiri ya nusu katika muda usiotimia miaka miwili. Basi ni maradhi yenye dawa.

DAWA YAKE

Kwanza, aliyeonewa na aseme. Vijana wetu huogopa kuitwa wachongezi, na wengine huambiwa kuwa kusema ni kusengenya. Haya ni makosa. Mwenyezi Mungu ameeleza katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 148, kuwa hapendi maneno mabaya yatangazwe, ila kwa aliyedhulumiwa. Na Imamu Nawawi amehesabu mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake, na la kwanza ni mdhulumiwa kupeleka mashitaka kwa mwenye uwezo wa kumtoa katika dhulma. Mfundishe mwanao haya kabla hajafikwa. Na akija kukwambia, msikilize mpaka amalize; usimwambie "nawe kampige," wala usimwambie "wewe umemfanya nini?"

Pili, watazamaji wasisimame bure. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kumnusuru ndugu akiwa ni mdhalimu au mdhulumiwa; na alipoulizwa vipi kumnusuru mdhalimu, akaeleza kuwa ni kumzuia na dhulma yake. Mwaka 2001 wachunguzi wa Canada waliandika waliyoyaona katika viwanja vya skuli: wenzao walipoingilia kati, mara 57 katika kila 100 uonevu ulikoma ndani ya sekunde kumi. Neno moja, "Mwache," kutoka kwa rafiki, aghlabu hufanya kazi kuliko khutba ya mwalimu kesho yake.

Tatu, mkubwa aliyepo na akemee papo hapo, naye amnyanyue aliyechekwa. Abdallah bin Mas'ud (R.A.) alipanda mti wa mswaki, na upepo ukamfunua miundi yake myembamba, watu wakacheka. Mtume (S.A.W.) aliwauliza wanachekea nini, kisha akawajuza kuwa miundi ile ni mizito katika mizani kuliko mlima wa Uhud. Angalia, ndugu yangu: hakumwambia Ibn Mas'ud ajikaze na astahamili. Aliwaelekea waliocheka, na aibu akaigeuza sifa mbele ya macho yaleyale.

Nne, mwonevu na atengenezwe, asivunjwe. Abu Dharr (R.A.) alimtukana mtu kwa kumtia aibu kwa mamake. Mtume (S.A.W.) akamkabili waziwazi kuwa ndani yake umo ujahili, kisha akamfundisha kuwa watumishi ni ndugu, walishwe wanacholiwa na mabwana zao na wavikwe wanachovaa. Miaka baadaye watu walimkuta Abu Dharr huko Rabadha amevaa vazi moja na mtumishi wake, wakamwuliza, naye akawasimulia kisa chenyewe. Hii ndiyo toba: alilaumiwa kitendo chake, hakutupwa mwenyewe, na akabadili mwendo umri wake wote. Basi kijana wako akionea wenziwe, mwamrishe arudishe alichonyang'anya, aombe radhi, na mbele ya walewale aliomwaibishia mwenziwe amtaje kwa jina lake zuri. Kumpiga viboko peke yake ni kumfundisha kuwa mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Na hilo analijua tayari.

Tano, sulhu iwe ya uadilifu. Desturi yetu ni kuwaita wawili na kuwaambia "peaneni mikono, yaishe." Lakini Sura ya Al-Hujurat, aya ya 9, imeamrisha mwenye kuruka mipaka azuiwe kwanza, ndipo wapatanishwe kwa uadilifu. Kumsawazisha mdhalimu na mdhulumiwa ni dhulma ya pili. Na kusamehe ni fadhila kubwa, walakini ni haki ya aliyeonewa. Haitolewi kwa kushurutishwa.

Ama ya simu, fahamu kuwa tusi la mdomo husikiwa na waliokuwapo, na picha ya aibu huzunguka mji usiku mmoja. Mwenye kuipeleka mbele ameshiriki, hata kama si yeye aliyeipiga. Aliyeonewa na aihifadhi kwa ushahidi, asijibu, amwonyeshe mzazi wake. Na likizidi, lipelekwe kwa mwalimu mkuu na kwa wenye kuhukumu.

MASWALI YA DARASA

1. Taja alama tatu za uonevu, na upambanue baina yake na utani.
2. Kwa nini kushitaki dhulma si kusengenya?
3. Vipi humnusuru ndugu yako akiwa ndiye mdhalimu?
4. Alifanya nini Mtume (S.A.W.) watu walipocheka miundi ya Ibn Mas'ud?
5. Je, katika nyumba yako au baraza yako kuna mtu aitwaye kwa jina asilolipenda? Nani ataanza kumwita kwa jina lake?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wale ambao Waislamu wamesalimika na ndimi zao na mikono yao, na awahifadhi watoto wetu wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Amin. Wabillahi ttawfiq.