Siku Kumi za Mbwa Aliyeuma

Mara nyingi hutokea vijijini mwetu, na mijini pia, kwamba mbwa wa nyumba moja amwuma mtoto wa nyumba nyingine. Papo hapo vijana hushika marungu wamwue mbwa. Mwenye mbwa naye, kwa kuogopa kudaiwa, humficha, au usiku humpeleka kwa ndugu yake kijiji cha mbali. Jioni wazee huketi, kuku mmoja hutolewa, majirani hupeana mikono, na watu husema shauri limekwisha. Kumbe shauri halijakwisha.

Sisi wenyewe tumepata kusimama kaburini pa mtoto wa namna hiyo. Jeraha lilikuwa dogo, likapona upesi, na mama yake akamshukuru Mungu. Baada ya miezi miwili hivi mtoto akashikwa na homa, na mahali palipoumwa pakamwasha. Kikombe cha maji kilipoletwa kinywani, koo likakaza kwa hofu. Alikuwa na akili zake timamu, akiomba maji asiyoweza kuyanywa. Siku chache baadaye tulimzika. Mbwa yule hakuna aliyejua alikokwenda.

Ndiyo sababu leo twapenda kuwafundisha wasomaji wetu maana ya kumtenga mnyama aliyeuma, maana wengi hudhani ni usumbufu wa Serikali tu.

Kichaa cha mbwa huletwa na kirusi kiishicho katika mate ya mnyama mgonjwa. Kikiingia jerahani hakikimbilii damu, bali hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka ubongoni. Kwa mtu safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine ni wiki moja tu, na pengine ni mwaka mzima au zaidi. Wakati kirusi kingali njiani, chanjo yaweza kumwokoa mtu. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa maradhi haya tiba haipo, na kinga ndiyo peke yake tuliyo nayo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu 59,000 hivi hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Na katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15.

Sasa, kwa nini siku kumi? Mbwa mgonjwa huanza kutoa kirusi katika mate yake siku chache tu kabla dalili hazijaonekana. Na dalili zikionekana, hufa upesi. Basi mbwa aliyemwuma mtu, akiwa hai na mzima siku ya kumi baada ya kuuma, twajua kwamba siku ile mate yake hayakuwa na kirusi. Akiugua au akifa ndani ya siku hizo, twajua hatari ni kubwa. Mbwa huyo, basi, ni shahidi. Anayemwua kwa hasira amemwua shahidi, na anayemficha amemficha shahidi.

Hesabu hii ni kwa mbwa na paka tu. Mbweha, fisi au nguchiro akimwuma mtu, hakuna kungoja kumtazama. Mtu apelekwe kutibiwa kama aliyeumwa na mnyama mwenye kichaa.

Tena tuangalie sana: siku kumi ni za kumtazama mbwa, si za kumngojesha mtoto. Mtoto ashughulikiwe saa ile ile. Jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe majivu, wala pilipili, wala mafuta. Kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, aanze sindano, na zifuatazo azipate kwa tarehe alizoandikiwa bila kuacha hata moja. Mbwa akionekana mzima siku ya kumi, mganga ndiye atakayesema kama sindano ziishe.

Mwenye mbwa naye ana wajibu wake. Amfunge mbwa kwa mnyororo imara au katika banda, peke yake, mbali na watoto na mifugo. Ampe chakula na maji bila kumgusa. Asimwuze, asimhamishe, asimwue. Ampashe habari bwana mifugo na ofisi ya kijiji au ya mtaa. Hata mbwa aliyechanjwa atazamwe vivyo hivyo. Dalili si ukali peke yake: wengine huwa wanyonge, hujificha gizani, taya hulegea, mate hutoka, sauti hubadilika, miguu hupooza. Mbwa akionekana kama amekwamwa na mfupa kooni, mtu asimtie mkono kinywani. Na ikiwa ni lazima mbwa auawe kwa kuwa hashikiki, kichwa kisipondwe, maana ubongo ndio upimwao; nyama wala ngozi visiguswe, na bwana mifugo aitwe.

Wajibu huu umo katika sheria ya nchi. Tanzania Bara inayo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, na halmashauri nazo zina uwezo wa kutunga sheria ndogo juu ya mbwa katika maeneo yao. Lakini hata kabla ya hizo, jambo hili limo katika Maandiko. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chasema juu ya ng'ombe auaye mtu kwa pembe. Ikiwa hakuwa na desturi hiyo, mwenyewe hana hatia. Lakini ikiwa alikuwa nayo, na mwenyewe alionywa asimzuie, basi damu iko juu yake. Anayemficha mbwa aliyeuma, ajue hukumu hiyo yamhusu. Amri ya tano haikatazi kuua kwa mkono tu. Hukataza pia kumwacha jirani afe kwa kunyamaza kwetu.

Wako Wakristu wanaompeleka aliyeumwa kwa waganga wa mitishamba, au wanaodhani sala peke yake yatosha. Zamani huko Ubelgiji waamini walioumwa na mbwa walimkimbilia Mtakatifu Hubert, askofu wa Liège aliyefariki mwaka 727, na jeraha lilichomwa kwa chuma kilichobarikiwa, kilichoitwa ufunguo wake. Hatuwacheki, hawakuwa na kingine. Lakini tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa siku mbili kabla, na mtoto akaishi. Tangu siku hiyo kusali na kuacha chanjo iliyo karibu si imani, bali ni kumjaribu Mungu. Tusali, na tukisali tuwe njiani kwenda hospitali.

Twajua kinachowafanya watu wafiche: ni fedha. Nauli na sindano huweza kumaliza akiba ya nyumba, na mwenye mbwa pengine ni maskini kuliko aliyeumwa. Hapo ndipo Jumuiya Ndogo Ndogo zetu zionekane ni za Kikristu kweli. Mwenye mbwa aseme kweli, atoe awezacho, na jumuiya ichange kilichobaki. Mchango wa nauli ya mtoto aliye hai ni bora kuliko mchango wa sanda.

Mwisho, tusingoje mbwa aume. Wataalamu hufundisha kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Kisiwani Pemba kazi hiyo ilianza mwaka 2010, na kufika mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umetoweka. Mwaka 2016 ukaingia tena, na ikalazimu kuchanja tena kwa bidii mpaka ukaondolewa mwaka 2018. Tujifunze hapo kwamba chanjo si kazi ya mara moja. Siku ya chanjo ikitangazwa, baba wa nyumba asiwaachie watoto kazi hiyo. Ampeleke mbwa yeye mwenyewe, pamoja na watoto wa mbwa.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mwenye mbwa aliyeuma jana na kumfungia uani kimya kimya, aende leo kwa jirani yake aseme. Muda ungalipo wa kumwokoa mtoto.