Madini Machache, Kazi Ile Ile: Somo la Vichocheo kwa Madarasa ya Juu

Mwalimu atakayepangiwa shule ya msingi ya kijijini, kama zile za Kituntu wilayani Karagwe, aghalabu hatakuta maabara. Hilo lisimfanye afundishe sayansi kwa maneno matupu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi ya kulifikisha darasa kwenye swali linalowashughulisha wataalamu hivi leo: haidrojeni itapatikanaje majini bila kutumia madini mengi ya thamani?

Shabaha. Mwanafunzi aweze kueleza kichocheo ni nini, na kwa nini eneo la uso wake lina maana kuliko uzito wake.

Zana. Betri 4 za tochi, waya, penseli 2 zilizochongwa ncha zote mbili, bilauri ya maji yenye magadi kidogo, muhogo, rula na kisu.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aunganishe betri na penseli, kisha azitumbukize ncha majini. Viputo vitatokea pande zote mbili; vile vya upande wa hasi ni haidrojeni. Chumvi isitumiwe badala ya magadi, kwa kuwa huweza kutoa klorini, hewa yenye sumu. Moto usikaribishwe.

Hatua ya pili. Aeleze kwamba viwandani hutumiwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko la kikemia bila chenyewe kumalizika. Mitambo mingine hutumia platinamu upande wa hasi na iridiamu upande wa chanya. Iridiamu inayochimbwa duniani kote kwa mwaka haifiki tani 10.

Hatua ya tatu. Wanafunzi wakate mchemraba wa muhogo wenye upande wa sentimeta 2. Eneo la nyuso zake 6 ni sentimeta za mraba 24. Waugawe katika michemraba 8 ya sentimeta 1. Sasa jumla ni 48. Waulizwe: ni mingapi inayotosha kurudisha eneo la awali? Ni 4, yaani nusu ya muhogo. Kwa kuwa kichocheo hufanya kazi usoni, wataalamu huifanya platinamu kuwa chembe ndogo mno, wakazitandaza juu ya kaboni.

Hatua ya nne. Njia nyingine ni kubadili madini yenyewe. Nikeli huliwa na asidi, lakini hustahimili maji ya alikali, na mitambo ya namna hiyo huitumia. Nikeli ipo Kabanga, wilayani Ngara, katika mkoa wetu wa Kagera; Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba wa kuichimba, ikapata hisa asilimia 16 katika kampuni ya Tembo Nickel.

Tathmini. Mwanafunzi aulizwe: kati ya kupunguza madini ya thamani na kuyabadili kwa nikeli, ipi ina manufaa zaidi kwetu, na kwa nini? Tunashauri mwalimu asikimbilie kujibu. Mtoto aliyehesabu nyuso za muhogo kwa mkono wake anazo hoja za kuanzia.