Uraibu na Ugonjwa wa Akili Vitibiwe Pamoja

Uraibu wa pombe, bangi au unga (heroini) mara nyingi hukaa na ugonjwa wa akili ndani ya mtu mmoja. Kijana anayesikia sauti huvuta bangi ili atulie. Mwingine huanza na bangi, sauti zikaja baadaye. Mama aliyefiwa hunywa gongo apate usingizi, na gongo hiyo hiyo ikamzidishia majonzi. Familia hubishana miezi mingi kuhusu kipi kilitangulia, na miezi yote hiyo mgonjwa hana tiba. Vyote viwili hutibika, na hakuna sharti la kuacha kimoja ndipo kingine kianze kutibiwa.

Yatajwe yote mawili

Kosa linalorudisha wagonjwa wodini ni kuficha nusu ya ugonjwa. Kwenye kliniki ya akili familia hueleza fujo, kutolala na kuongea peke yake, lakini pombe haitajwi kwa sababu ya aibu. Kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya waraibu wa unga, hutajwa unga, ila jaribio la kujinyonga hunyamaziwa, mgonjwa asije akaitwa kichaa. Mhudumu hutibu alichoambiwa. Nusu iliyofichwa huendelea kukua nyumbani.

Yatajwe yote mawili, kila kituo, kila safari: anatumia nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini; anasikia au anaona nini, analala vipi, amewahi kutaka kujiua au la. Daftari na vidonge vya kliniki zote viende pamoja naye. Anayeona haya mbele ya foleni aombe kusikilizwa faragha. Mhudumu huuliza ili atibu, si ili ashtaki.

Pa kuanzia

Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Rufaa hutolewa hapo.

Tiba

Kwa waraibu wa unga ipo methadoni. Nchini Tanzania ilianza kutolewa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika mikoa mingine, ikiwemo Dodoma, Mbeya na Mwanza. Kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Arosto, yaani mateso ya mwili kukosa unga, ikizuiwa, mgonjwa hupata utulivu wa kukumbuka hata vidonge vyake vya akili. Methadoni haitibu uraibu wa pombe wala wa bangi. Huko kazi kubwa hufanywa na ushauri nasaha, vikundi vya kusaidiana na ufuatiliaji wa karibu, pamoja na dawa za ugonjwa wa akili wenyewe.

Nyumba za soba, wanakoishi waraibu wanaoacha ulevi, zimesaidia wengi. Kabla ya mgonjwa kuingia, iulizwe kama ataruhusiwa kumeza dawa zake za akili. Nyumba inayomnyang'anya vidonge kwa madai kwamba dawa zote ni za kulevya haimfai.

Familia nyingine huficha vidonge siku mgonjwa anapolewa, mwishowe wiki hupita hajameza kitu. Mhudumu aulizwe mapema: siku ya ulevi, kidonge kipi kinaendelea na kipi kinasubiri? Jibu hilo hupatikana tu pale yalipotajwa yote mawili.

Hatari

Mnywaji wa kila siku asifungiwe chumbani ili aache pombe ghafla. Kutetemeka huanza siku ya kwanza, degedege linaweza kufuata ndani ya siku 2, kisha kuweweseka, na hali hiyo huua. Aachishwe chini ya uangalizi wa hospitali. Valiamu na vidonge vingine vya usingizi visichanganywe na pombe, unga wala methadoni, kwa kuwa mchanganyiko huo huzima pumzi. Aliyetoka gerezani, wodini au soba akirudia kipimo chake cha zamani cha unga anaweza kufa siku hiyo hiyo, maana mwili umeshakisahau. Aliyekosa methadoni siku 3 au zaidi aseme kabla ya kunywa tena. Methadoni ya mtu haigawiwi mwingine, na hata kiasi kidogo kwa mtoto ni sumu. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini na ile ya kifafa iitwayo kabamazepini hupunguza nguvu ya methadoni, arosto ikarudi; mgonjwa asikimbilie unga, arudi kliniki arekebishiwe dozi. Mjamzito asiache methadoni wala dawa za akili kwa uamuzi wake mwenyewe.

Kamba na minyororo

Kumfunga mgonjwa hakumtibu, humuumiza.

Maombi na waganga

Anayekwenda kuombewa aendelee na vidonge. Mganga anayetoa dawa ya kunywa aambiwe mgonjwa anameza nini, na kliniki nayo iambiwe kuhusu dawa hiyo.

Anaporudia

Kurudia ni jambo la kawaida katika maradhi haya. Mgonjwa asifukuzwe nyumbani wala kliniki isikimbiwe. Arudishwe mapema, na yatajwe yote mawili hata kama yalitajwa mwezi uliopita.

Asiyelala usiku kadhaa, anayegawa vitu vyake au anayesema afadhali afe asiachwe peke yake. Sumu ya panya, dawa za shambani na kamba viondolewe ndani. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, akiwa amelewa au hajalewa; maneno ya kutaka kufa hayapuuzwi kwa sababu yametoka kwa mlevi. Kwenye mapokezi pia yatajwe yote mawili.